Pleti Nilizozing'arisha

Mwende mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kiuu kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia kabla hajakupikia. Kwa hivyo nina mchana wote. Nimekaa mlangoni kwa sababu ndani mwanga ni kidogo, na ninaandika na kalamu yako uliyoisahau kwenye kitabu. Watoto wa jirani wamepita wakaniuliza kama nafanya homework. Nimewaambia ndiyo, na nimeichelewesha sana.

Mambo ya safari sitayaandika. Blanketi, maji, simu, watu wa kukaa nao na watu wa kukwepa, hayo umeyasikia wiki nzima mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Barua hii ni ya jambo moja ambalo hujawahi kulisikia. Nimelificha miaka minane. Ungeweza kusafiri kesho bila kulijua na usipoteze kitu. Lakini kazi unayoenda kufanya Lodwar, ya kuangalia mtambo unaotengeneza dawa ya maji kwa chumvi na stima, najua ilianzia wapi kichwani mwako, na haikuanzia kwangu. Ilianzia kwa mtu ambaye mimi nilimharibia maisha.

Anaitwa Njoroge. Tulimwita Fundi. Tayari wakati huo nilikuwa kibarua katika kile kiwanda cha hapa Thika kinachotengeneza dawa ya kufulia nguo nyeupe, na yeye ndiye aliyekuwa mwangalizi wa matangi. Kazi yangu ilikuwa kubeba magunia ya chumvi, kufagia na kuosha sakafu. Unajua niliacha shule darasa la saba. Niliona chumvi ikiingia upande mmoja na dawa ikitoka upande mwingine, na katikati kulikuwa na matangi yenye pleti za chuma zilizosimama karibu karibu kama vitabu kwenye rafu. Nilikuwa nayaogopa. Nilipita mbali nayo na ndoo yangu, nimefunga leso puani.

Siku moja Njoroge alinicheka. Alisema, "Mama Mwende, wewe unaogopa hii kitu kama nyoka na unaiosha kila siku. Kuja uone inafanya nini."

Alichukua kikombe cha plastiki, akakoroga maji na chumvi, akatia misumari miwili iliyofungwa waya kwenye mawe manne ya tochi, yaani betri. Tulichuchumaa nyuma ya stoo wakati wa chakula. Msumari mmoja ulianza kutoa povu dogo. Ule mwingine, wa upande wa plasi, haukutoa povu. Maji kando yake yaligeuka kijani, halafu rangi ya kutu, na alipoutoa ulikuwa umelika ncha. Kisha akavunja jiwe la tochi lililokufa, akatoa kile kijiti cheusi cha katikati, akakiweka mahali pa msumari uliolika. Mara hii povu lilitoka pande zote mbili, na harufu ya dawa yetu ikatupiga puani palepale, kutoka kwa kikombe.

Alinieleza hivi. Msumari ulipopewa kazi, ulitoa mwili wake wenyewe ukaisha. Kijiti kilisimama tu. Chumvi ilikuja juu ya ngozi yake, ikaacha kitu kidogo pale, ikaondoka ikiwa klorini, na kijiti kikabaki karibu kama kilivyokuwa. Nikamuuliza kama si stima ndiyo inayofanya kazi. Alisema stima inasukuma, lakini kusukuma peke yake hakutoshi, ni lazima pawe na mahali ambapo kitu kinaweza kugeuka. Mahali hapo ni ile ngozi ya juu ya chuma. Ndani ya chuma hakuna linalotendeka.

Sikuelewa. Akatafuta mfano. Yeye alikuwa anakaa Kimbo, pale Ruiru, ambako kila mtu aliye na kipande cha ardhi amejenga vyumba vya kupangisha. Akasema, "Fikiria ngozi ya pleti ni ploti ya vyumba. Kama mpangaji akija anaona mlango mgumu, anapita, vyumba vinakaa bure. Kama akiingia hatoki, vyumba vinajaa na hakuna mwingine anaingia. Hizo zote ni ploti mbaya. Ploti nzuri, mtu anaingia bila vita, anapata mwenzake, wanahama wawili, chumba kinabaki wazi."

Nikamwambia basi hajawahi kuona ploti nzuri Kimbo. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema ndiyo maana watu wanatafuta madini adimu kutoka nchi za mbali na kuyapaka juu ya pleti, kwa sababu chuma cha kawaida hakijui kukaribisha na kuaga. Pleti zetu za upande wa plasi zilikuwa za titaniamu, na juu yake rangi nyeusi ya madini ambayo jina lake alinitajia mara nyingi na sikulishika. Upande wa pili, wa minasi, pleti ndizo zilizotoa ile hewa inayoshika moto, ndiyo maana dirisha la juu halikufungwa hata wakati wa baridi.

Jioni hiyo nilikuja nyumbani na mawe ya tochi mfukoni. Ulikuwa darasa la nane. Tulifanya kikombe chetu hapa, kwenye hiki kizingiti nilichokalia sasa. Ulipoona msumari umeliwa na kijiti hakijaliwa, uliniuliza kwa nini, na mimi nikakuambia habari ya ploti kama maneno yangu mwenyewe. Sikutaja Njoroge. Nilipenda jinsi ulivyoniangalia. Tangu siku hiyo ulisema utasomea mambo hayo, na umeyasomea. Huo ndio wizi wa kwanza, mdogo. Sasa nakueleza wa pili.

Njoroge alikuwa Msabato. Ijumaa jua likishuka yeye huacha kila kitu, na Jumamosi hata ungemlipa mara tatu hangekuja. Kiwandani walimvumilia kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua matangi. Ijumaa moja alitoa pleti za tangi la pili kwa sababu zilikuwa zimeshika ukoko mweupe, ule unaotokana na uchafu wa chumvi. Aliniambia ule weupe unaziba vyumba. Alizilowesha kwenye asidi nyepesi, akazisuuza, akazipanga juu ya magunia chini ya paa la nyuma zikauke, akaenda haraka maana jua lilikuwa linashuka.

Jumamosi msimamizi akatuambia kuna wageni Jumatatu, watu wa kununua, na kila kitu kioshwe mpaka king'are. Nilipewa upande wa nyuma peke yangu. Nikazikuta pleti. Ukoko mweupe ulikuwa umetoka, lakini pleti zenyewe zilikuwa nyeusi, na ukizigusa zinakwaruza kidogo kama chini ya sufuria ya kuni.

Hapo lazima nikuambie habari ya susu yako, mama yangu, ndio uelewe. Kule kwetu Mwingi sufuria zikioshwa zinaanikwa kwenye kichanja nje ya jiko, na kichanja kiko upande wa njia. Kila anayepita anaona chini ya sufuria zako. Susu yako alisema mtu hahitaji kuingia nyumbani kumjua msichana wa hapo, anatazama tu kichanja. Tulisugua kwa majivu na mchanga wa mtoni. Siku moja alikuta alama nyeusi chini ya mkono wa sufuria moja, akazirudisha zote nane kwenye vumbi nianze upya. Nililia, lakini nilijifunza. Mpaka leo nikiona chuma cheusi mkono wangu unataka kukisugua. Hujawahi kuniona nikilala na sufuria nyeusi.

Sasa fikiria mtu kama huyo, ameambiwa vyumba vimezibwa na vinafaa kufunguliwa, na mbele yake kuna pleti thelathini na kitu zilizofanana na matako ya sufuria. Nilikuwa nimeshika nusu ya somo. Ile nusu nyingine, kwamba weusi wenyewe ndio ploti, sikuwa nayo, au nilikuwa nimeisikia na haikukaa. Nikachukua burashi ya waya na mchanga. Nilisugua tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Maji meusi yalikimbia kwenye mtaro na mimi nikiimba. Nilikuwa nafikiria uso wa Njoroge akija Jumatatu, vile atauliza ni nani amemfanyia kazi yake yote, na mimi nitakaa kimya kidogo ndio nimwambie. Zilipoisha zilimetameta kama vijiko vipya. Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka.

Watu wa zamu ya Jumapili walizirudisha kwenye tangi kwa sababu oda ilikuwa ya haraka. Jumatatu nilipofika, volti zilikuwa zimepanda mpaka mashine ikajizima, na dawa kwenye tangi la pili ilikuwa maji ya chumvi tu. Nilisikia baadaye sababu yake. Titaniamu ikiachwa uchi mbele ya stima inajiotesha ngozi ya kwake, na hiyo haipitishi kitu. Chuma kipo, stima ipo, chumvi ipo, na hakuna kinachogeuka.

Njoroge alikuwa amezitoa pleti. Injinia wa kiwanda, mkubwa wetu sote, alikuwa amesimama karibu naye, amekasirika, wageni wako njiani. Injinia alisema ni asidi, kwamba Njoroge aliifanya kali ili amalize mapema aende kwenye Sabato yake. Njoroge akasema asidi haichori mistari. Alifungua ile kamba ya chuma inayoshika pleti pembeni, na chini yake, mahali ambapo burashi yangu haikufika, palibaki kipande cheusi cha upana wa kidole. Akatoa lenzi ya fundi saa aliyokuwa nayo mfukoni, akampa Injinia atazame. Nilikuwa nyuma yao na mopu. Injinia alipomaliza, Njoroge aliniona nikichungulia, akanipa na mimi, maana alikuwa mtu wa kufundisha hata siku hiyo.

Mwende, niliona udongo wa bwawa letu mwezi wa tisa, wakati maji yameisha na tope limekauka likapasuka vipande vipande. Ndivyo ile rangi ilivyokuwa kwa karibu. Nyufa elfu na elfu. Nikamsikia akisema kila ufa ni chumba, na kwamba mtu amebomoa ploti nzima akaacha uwanja mtupu unaong'aa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo ndipo ningesema. Ingechukua pumzi moja.

Msimamizi, aliyenituma nyuma Jumamosi bila kuja kukagua, alisema bila shaka ni Njoroge mwenyewe aliyesugua Ijumaa, kwa haraka. Njoroge akanigeukia. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayejua atajibiwa vizuri.

"Mama Mwende, wewe ulikuwa hapa Jumamosi. Kuna mtu aligusa hizi pleti?"

Nikasema, "Mimi sikuona mtu."

Alinitazama usoni, halafu akatazama mikono yangu iliyoshika mopu. Aliitazama kwa muda. Kisha akachukua sweta yake kwenye msumari, akarudisha lenzi mfukoni, wala hakujitetea. Walimfuta kabla ya saa sita.

Ulikuwa umeingia Form One wiki tatu tu kabla ya siku hiyo. Hiyo ndiyo sababu, na nilijiambia inatosha. Nilijiambia pia nitasema Ijumaa, mambo yakipoa. Ijumaa ilipofika nilisema nitamtafuta kwanza yeye. Sikumtafuta. Baada ya mwezi nilikuwa naweza kupita kando ya tangi la pili bila kugeuza uso, na hilo liliniogopesha kidogo, halafu nalo likapita. Naweza kukuambia kwamba na mimi niliota ngozi isiyopitisha kitu, kama ile titaniamu, lakini ningekuwa najipendelea. Pleti haichagui. Mimi nilichagua, na nikarudia kuchagua kila asubuhi nilipovaa koti la kazi.

Nimekuona ukikua juu ya jambo hilo. Kila cheti ulicholeta nilikifurahia na papo hapo nikamwona yeye na sweta yake. Kama uliwahi kujiuliza mbona siku za furaha nanyamaza, ndiyo sababu.

Miezi miwili iliyopita alikuja hapa, Jumapili kama leo, ulikuwa umeenda mazoezi ya kwaya. Alikuwa amezeeka kuliko mimi. Alinisalimia vizuri, akauliza habari yako, akakataa chai. Alisema tangu wakati ule hakuna kiwanda kilichompokea, kwa sababu kila mahali wakiuliza wanaambiwa ndiye aliyeharibu pleti. Sasa kulikuwa na mradi wa maji upande wa Matuu uliotaka mtu wa kuangalia mtambo wa chumvi, walimpenda, na walikuwa wamewauliza watu wa kiwanda chetu kuhusu yeye. Nafasi ingefungwa mwisho wa mwezi ule uliofuata.

Alisema, "Sitaki kitu yako, na sikuja kugombana. Nataka uende kwa Injinia useme ile ulifanya. Dakika tano."

Nikamuuliza alijua lini. Alisema alijua palepale, mikono yangu ilikuwa imejaa alama za waya. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alisema Injinia alikuwa ameshaamua, kwa hivyo angesema tungefutwa wawili badala ya mmoja, na mimi nilikuwa na mtoto. Alisema alidhani nitaenda mwenyewe. Alidhani labda itanichukua wiki.

Nikamwahidi. Na sikwenda.

Sasa fikiria vizuri, kwa sababu hapa unaingia wewe. Wakati huohuo Injinia alikuwa ameniahidi kukuandikia barua ya kukupendekeza kule Lodwar. Aliniambia atasaini akirudi kutoka safari. Kama ningeingia ofisini kwake nikiri kwamba nilimharibia pleti na kudanganya miaka minane, ni nani angesaini barua ya binti wa mtu huyo? Nikasema acha asaini kwanza. Safari yake ikawa ndefu. Siku za mwezi zikaisha moja moja, na mimi nazitazama. Mwezi ukaisha Jumamosi. Injinia alirudi Jumanne, akasaini. Unakumbuka ile Jumanne. Ulinikumbatia ukanizungusha hapa chumbani mpaka stuli ikaanguka, ukaniuliza mbona silii kwa furaha kama mama za wengine. Nilichukua sufuria iliyokuwa safi nikaenda kuiosha.

Jumatano niliingia ofisini nikasema yote. Injinia si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha alipiga simu Matuu mbele yangu, akawaambia kwamba yale waliyosikia kuhusu Njoroge hayakuwa kweli. Wakamwambia asante, lakini walichukua mtu mwingine Jumatatu.

Aliweka simu chini akasema, "Mama, ungekuja wiki iliyopita."

Halafu akaniambia msichana wangu hana makosa, barua yake itabaki. Nilimshukuru. Alhamisi asubuhi mlinzi wa geti akanionyesha orodha ya vibarua na jina langu halikuwepo. Ile Alhamisi uliyoniona nikitoka na koti langu, nilikwenda kukaa kanisani mpaka jioni. Sikuwa na uwezo wa kukuambia ukiwa unapanga nguo.

Kwa hivyo usipange kuja hapa Desemba. Hiki chumba nitakirudisha mwezi huu ukiisha. Nitakwenda Mwingi kwa susu yako, ingawa unajua kule mvua imetunyima misimu mitatu na susu yako mwenyewe anakula kwa majirani. Kwa miaka hii yote nilikuwa nafikiri kuna siku nitasema ukweli na kitu fulani kitafunguka, iwe kwake au kwangu. Nimesema, na hakuna kilichofunguka. Ukweli ungesemwa Jumatatu ile ya pleti, ungekuwa na kazi ya kufanya. Wa juzi haukufanya kazi yoyote isipokuwa kunitoa mimi. Sikuandikii haya ili ubebe mzigo wangu. Barua ile haikuwa dhambi yako, wewe hukujua gharama yake. Lakini nimeona vile wewe nawe unapenda kungoja mambo yapoe, umenirithi hapo, na kule utakuwa peke yako na mtambo ambao watu watakunywa maji yake.

Jana, Jumamosi, nilikuambia naenda kazini. Nilikwenda Kimbo.

Nilijua nitampata kanisani au nyumbani, lakini watu waliniambia siku hizi haendi kanisani tena. Walinielekeza kwa kibanda cha mabati kati ya bucha na duka la simu, ambapo anafufua betri za magari. Nilimkuta amefungua betri ya lori, anasuuza pleti za risasi kwenye beseni, amevaa mifuko ya plastiki mikononi badala ya glavu. Alijua kabla sijafungua mdomo. Nilimwambia nilichosema kwa Injinia, na alichoambiwa kwa simu. Niliposema neno Jumatatu aliacha kusuuza, halafu akaendelea.

Aliniuliza ni nini kilinichelewesha. Nikamwambia ni wewe. Nilimwambia kila kitu, barua, Lodwar, mtambo. Nikamwambia anisamehe.

Akasema, "Hiyo uulize Mungu, Mama Mwende. Mimi niko na kazi hapa."

Hakukuwa na mahali pa kukaa. Nilipogeuka kwenda alinisimamisha, akauliza kama mtambo wa Lodwar ni wa stima ya jua, na kama wewe ndiwe utakayefungua pleti. Nikasema ndiyo, ndivyo ulivyoniambia. Akavua mifuko mikononi, akachana kipande cha karatasi ya mfuko wa simiti, akanipa na penseli.

Alisema, "Andika. Hii si yako. Ni ya wale watakunywa."

Aliniambia niandike kwamba ukoko mweupe unatolewa kwa asidi nyepesi peke yake, mpaka povu liishe, kisha maji safi, na hapo mkono unakoma. Pleti zisiguswe kwa burashi, wala kitambaa, hata ukucha. Aliniambia niandike kwamba waya za plasi na minasi zipakwe rangi tofauti siku ya kwanza kabisa, kwa sababu zikibadilishwa ile ngozi nyeusi inakufa na kwa macho hutaona. Na aliniambia niandike kwamba siku utakapoona volti zinapanda na chumvi iko sawa, ngozi inakaribia kuisha, usiongeze stima kuilazimisha. Uandike kwenye kitabu siku hiyohiyo, na jina lako chini, hata kama ni wewe uliyekosea, na uwaambie watu wasinywe.

Akaniambia nisome. Nikasoma. Akanisahihisha mahali nilipoandika kitambaa, akasema hata pamba. Nikasoma tena mpaka mwisho. Akavaa mifuko yake, akarudi kwa beseni, na nilipoaga hakuinua kichwa.

Karatasi yenyewe nimeiweka pamoja na barua hii. Ina doa la asidi kwenye kona, ishike polepole itapasuka. Mwandiko ni wangu, maneno ni yake, na hata yale ya kikombe na misumari yalikuwa yake. Kule Lodwar hakuna anayemjua. Lakini mtu akikuuliza ulifundishwa na nani, usitaje chuo kwanza, na mimi usinitaje kabisa. Sema ni Fundi Njoroge wa Kimbo. Haitamsaidia kitu. Sema hivyohivyo.

Nasikia sauti yako kwa jirani, umerudi mapema.

Mama yako